Gari Jipya Linaishiwa Nguvu Mlimani, na Wakala Anasema Halina Kosa

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama mwenye duka la pembejeo za kilimo hapa Uyole, jijini Mbeya. Mwaka juzi, kwa mkopo wa benki pamoja na akiba niliyoiweka kwa muda mrefu, nilinunua pikapu mpya ya dizeli yenye turbo kutoka kwa wakala wa magari mwenye tawi hapa mjini na makao makuu Dar es Salaam. Ningeweza kununua gari lililotumika kwa bei ya chini sana, lakini nilitaka gari ambalo likipata hitilafu kuna mtu wa kuwajibika. Nilipewa waranti ya miaka mitatu au kilomita 100,000, kutegemea kipi kitatangulia, na mpaka leo gari limetembea zaidi kidogo ya kilomita 40,000. Sevisi zote nimefanyia hapo hapo tawini na kitabu chake kina mihuri yote.

Tatizo lilianza kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Nikipakia mbolea kupeleka Chunya, gari likishaanza kupanda kuelekea Kawetere, mshale wa joto hupanda kupita ulipozoea kukaa, taa ya njano yenye alama ya injini huwaka, kisha nguvu hukatika ghafla, kiasi kwamba hata nikikanyaga mafuta mpaka mwisho gari linajikokota tu huku malori yenye mizigo yakinipita. Nikiliacha lipoe, nikaangalia kopo la kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, nakuta kiwango kimeshuka chini ya alama, lakini chini ya gari hakuna hata tone. Nikijaza, linakwenda vizuri kwa siku kadhaa, hasa nikiwa sina mzigo na mizunguko yangu ni ya Uyole na Mwanjelwa tu, halafu yanajirudia yale yale.

Nimelirudisha tawini mara nyingi. Safari moja walibadilisha themosteti (vali inayoruhusu au kuzuia kulanti kwenda kwenye rejeta kufuatana na joto), nyingine mfuniko wa rejeta, nyingine sensa ya joto, na kila mara nakabidhiwa gari limeoshwa linang'aa na kuambiwa, "Mama, mashine haionyeshi kosa lolote." Nikiuliza ugonjwa ni upi hasa, sababu hubadilika kufuatana na aliyepo zamu siku hiyo: mara mafuta machafu ya vituo vya huku, mara milima, mara mzigo, ingawa sijawahi kuzidisha uzito ulioandikwa kwenye gari. Sasa meneja wa karakana anasema kwamba kwa kuwa niliwahi kuongeza maji ya kawaida nilipokwama porini, huenda waranti yangu imekufa. Nikipiga simu makao makuu, wanasema watanipigia, na hawapigi. Mara ya mwisho nimeambiwa niliendeshe mwenyewe hadi Dar es Salaam, kwa mafuta yangu, wakalitazame huko.

Mshauri, mimi nauza mbolea na mbegu. Mvua za kwanza zikinyesha, mkulima aliyeagiza mbolea ya kupandia hawezi kuniambia nichukue wiki nzima nikitengeneza gari, na rejesho la benki nalo lina tarehe yake. Fundi mmoja wa Mwanjelwa, ambaye watu wengi wanamwamini, anasema niung'oe ule mdude wa themosteti na afungue silinda hedi, yaani kichwa cha injini, aangalie. Mume wangu anataka tuliuze haraka kabla injini haijafa kabisa. Kaka yangu anashauri nikaliache getini mwao na nisitishe kulipa benki mpaka warudishe fedha zangu. Kila mmoja ananipenda na kila mmoja ana lake. Naomba unielekeze.

Mama wa Pembejeo, Uyole

JIBU

Marahaba, mama. Hasira yako ni ya haki. Anayelipa bei ya gari jipya analipia pia ahadi kwamba kosa la kiwandani halitakuwa mzigo wake, na ahadi hiyo hujaiona ikitekelezwa. Lakini katika yote uliyoeleza, lililonisumbua zaidi ni kwamba tawi limebadilisha vifaa vitatu na kutoa sababu zisizofanana, na bado huna karatasi hata moja inayosema kosa ni nini na limegunduliwaje. Kuanzia sasa usiende tena kuwaomba wakutengenezee gari. Nenda kudai matokeo ya kipimo, yaliyoandikwa, yenye jina, sahihi na muhuri. Mengine yote, ya waranti na hata ya kisheria, yatasimama juu ya karatasi hiyo.

Tuanze na injini yenyewe, kwa sababu ukiielewa hutababaishwa kwa maneno. Kulanti isiyoonekana ikidondoka haijapotea hewani bila njia. Ama inatoka kama mvuke injini ikiwa ya moto, mara nyingi kupitia mfuniko au kiungio cha mpira, na kuacha alama nyeupe au za rangi zilizokaukia pembeni. Ama inaingia ndani ya injini na kuunguzwa. Katika dizeli za kisasa njia za ndani ni chache na zinajulikana: gasketi ya silinda hedi (bamba jembamba linaloziba kati ya hedi na injini) iliyoungua sehemu, hedi yenye ufa, au kile kifaa kinachopoza moshi unaorudishwa ndani ya injini ili kupunguza gesi chafu, ambacho hupozwa kwa kulanti hiyo hiyo na kikitoboka huivujisha kwenye njia ya hewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopona kwa kubadilisha themosteti.

Kuhusu kwa nini gari linakuangusha mlimani na si Mwanjelwa, sababu ni joto na shinikizo. Kwa mwinuko wa Mbeya, ambao ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto kama 94 za Selsiasi badala ya 100 za pwani, na ukipanda Kawetere kiwango hicho kinashuka zaidi. Injini yenye afya haichemki kwa sababu mfumo wake umefungwa: mfuniko hushikilia shinikizo, na shinikizo hilo peke yake huinua kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mfumo ukiwa na upenyo popote, hata mdogo usioonekana, shinikizo halikai, na gari lenye mzigo linalopanda taratibu kwa gia ndogo, bila upepo wa kutosha kupita kwenye rejeta, huchemsha mapema. Kompyuta ya gari ikiona joto limezidi, hukata nguvu kwa makusudi ili injini isiungue. Kwa hiyo huko kuishiwa nguvu huenda ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe ni hiyo kulanti inayopungua.

Sasa zipime sababu walizokupa. Ni kweli kwamba injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwenye miinuko kwa sababu hewa ni nyepesi, takriban asilimia moja kwa kila mita 100, lakini ya kwako ina turbo, ambayo husukuma hewa zaidi ndani ya injini na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na zaidi ya hayo milima hainywi kulanti. Mafuta machafu huharibu nozo na pampu na huziba chujio, lakini nayo hayapunguzi kulanti. Wakirudia hoja ya mafuta, waombe wachukue sampuli kutoka kwenye tangi mbele yako, wafungue chujio la dizeli ukiona, na waandike walichokikuta. Kuhusu maji uliyoongeza njiani, muombe meneja akuonyeshe kifungu cha waranti kinachosema hivyo, kisha aandike ni kwa namna gani maji hayo yalisababisha tatizo ambalo, kwa kumbukumbu zao wenyewe, lilikuwepo kabla hujayaongeza. Kumwaga maji yale na kuweka kulanti sahihi ni kazi ambayo walipaswa kuifanya siku ile ile ulipowaambia.

Vipimo vinavyohitajika si vya ajabu, na karakana yoyote ya wakala inapaswa kuwa navyo. Cha kwanza ni kuujaza shinikizo mfumo wa kupoza injini kwa pampu ya mkono injini ikiwa baridi, na kuangalia kama mshale wa pampu unashuka. Cha pili ni kupima kama gesi ya moshi inaingia kwenye kulanti. Kuna dawa ya rangi ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta au kopo, nayo hubadilika rangi ikikutana na gesi hiyo. Cha tatu ni kupima mgandamizo wa kila silinda na kulinganisha. Cha nne, ambacho nadhani ndicho hawajakifanya kabisa, ni kulipima gari likiwa kazini. Mashine ya kusoma makosa ikiunganishwa gari likiwa limesimama uani, limepoa na halina mzigo, haitaona kitu. Pakia mzigo wako wa kawaida, fundi wao akae kando yako na mashine yake ikiwa imeunganishwa, mpande wote mpaka pale linapokata nguvu, arekodi joto, shinikizo la turbo na namba ya kosa itakayojitokeza. Namba hizo huanza na herufi P ikifuatiwa na tarakimu nne, na kompyuta huhifadhi pamoja nazo hali ilivyokuwa wakati taa inawaka. Mtu akizifuta kabla ya kuzichapisha, ushahidi wako umefutika, kwa hiyo sema mapema, tena kwa maandishi, kwamba zisifutwe kabla hujapewa nakala.

Wewe pia una kazi ndogo ya kila asubuhi. Kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, angalia kiwango cha kulanti, piga picha, na uandike kwenye daftari tarehe na kilomita. Vuta kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari kabisa, piga simu wakalifuate. Washa, kisha baada ya dakika moja au mbili ubinye mpira mkubwa wa juu wa rejeta ungali baridi: ukiwa umeshakuwa mgumu kama tairi, kuna uwezekano mkubwa kwamba gesi ya injini inaingia kwenye maji. Moshi mweupe usikutie hofu peke yake, kwa sababu asubuhi za mwezi wa sita na wa saba hapa Uyole kila ekzosi hutoa mvuke. Wenye maana ni ule unaoendelea injini ikishapata moto na wenye harufu ya utamu. Mshale ukipanda ukiwa njiani, simama mahali salama, zima, na usifungue mfuniko mpaka injini ipoe kabisa. Nimeona watu walioungua uso kwa sababu ya haraka ya dakika chache, na ningekuomba uwaonye pia vijana wako wa dukani.

Fundi wa Mwanjelwa anaweza kuwa fundi mzuri kweli, na sina sababu ya kumdharau, lakini kwa sasa asiiguse injini hiyo. Siku atakapofungua hedi, wakala atapata kisingizio alichokuwa akikitafuta, kwamba injini imefunguliwa na mtu wa nje. Na wazo la kung'oa themosteti ni baya hata kwa gari lisilo na waranti. Linapendwa sana kwenye gereji zetu kwa sababu mshale hushuka na mteja huondoka akiwa ameridhika, kumbe kulanti inaendelea kupungua kama kawaida, injini inafanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi katika hali ya hewa ya Mbeya, inakula dizeli zaidi na kulika upesi. Ukitaka jicho la pili, mtafute mtaalamu asiye na maslahi, kwa mfano mwalimu wa ufundi wa magari wa VETA Mbeya au karakana ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, uulize kama anaweza kufanya vile vipimo vya nje visivyohitaji kufungua chochote na kukuandikia ripoti fupi.

Safari ya Dar es Salaam usiifanye kwa gari hilo. Ni zaidi ya kilomita 800, na kama lingerudi bila kupona ungelazimika kulipandisha mlima Kitonga likiwa katika hali hii hii, mahali ambapo hata magari mazima hutaabika nyuma ya foleni ya malori. Injini ikifa njiani, swali la kwanza litakuwa kwa nini uliendelea kuendesha gari ulilojua linachemsha. Wakisisitiza kwamba lazima lifike makao makuu, wajibu kwa barua kwamba uko tayari kulikabidhi Mbeya na kwamba wao walibebe kwa gari la breki dauni kwa gharama yao, wakupe hati ya makabidhiano yenye namba ya chasi, namba ya injini na kilomita, na wakupe gari la kutumia kwa muda huo. Hilo la mwisho wanaweza kulikataa iwapo waranti haisemi, ila liombe, kwa sababu kukataa kwao nako kutabaki kwenye maandishi.

Barua yenyewe iandike wiki hii. Iwe ya ukurasa mmoja, isiyo na matusi wala historia ndefu ya jinsi ulivyoumizwa, ieleze tarehe ya kununua, namba ya chasi, kilomita, dalili zilivyo na zinapojitokeza, na vifaa vilivyokwisha kubadilishwa. Omba nakala za karatasi za kazi za kila siku uliyolipeleka gari. Ni haki yako kujua kilichofanywa kwenye mali yako, na kama hawana, waandike kwamba hawana. Taja vipimo vinne nilivyovieleza, uwape siku 14 za kuvifanya na kukujibu, upeleke nakala mbili na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha utume nyingine kwa barua pepe makao makuu na kwa kampuni iliyotengeneza gari, ambayo anwani yake iko kwenye kitabu cha waranti. Simu iwe ya kufuatilia tu. Faida nyingine ya barua hiyo ni kwamba inathibitisha kuwa kosa lilijitokeza na kuripotiwa ndani ya waranti, hata kama matengenezo yatachelewa mpaka muda wake upite.

Upande wa sheria, una mahali pa kusimama. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka katika mauzo ya aina yako sharti kwamba bidhaa iwe na ubora unaostahili kuuzwa na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Kama ulipokuwa unanunua uliwaambia kwamba ni gari la kubebea mbolea milimani, na hasa kama kuna ujumbe au fomu inayoonyesha hivyo, tunza sana ushahidi huo. Lakini nikueleze kwa uwazi kuhusu ushauri wa kaka yako: haki ya kulikataa gari na kudai fedha zote hudhoofika kadiri unavyolitumia baada ya kujua kasoro, na kwa muda uliokwisha kupita, dai lako lenye nguvu zaidi huenda likawa matengenezo kamili na fidia ya hasara, si kurudishiwa bei yote. Kuliacha getini bila makabidhiano kutakuletea mgogoro wa pili kuhusu nani alilinda gari. Madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6 ya kufunguliwa mahakamani, kwa hiyo huna haja ya kukurupuka.

Kabla ya mahakama, kuna Tume ya Ushindani, yaani FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kumlinda mlaji dhidi ya mwenendo wa udanganyifu na upotoshaji katika biashara. Ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa jijini Mbeya. Siku 14 zikipita bila jibu la maana, nenda na daftari lako, picha, kitabu cha sevisi na nakala ya barua yenye muhuri, usiende na maneno matupu. Ikiwa hasara yako ni kubwa, mwone wakili akuandikie hati ya madai. Risiti za magari uliyokodi kupeleka mbolea na oda zilizofutwa ndizo zitakazohesabika, kwa hiyo anza kuzikusanya leo.

Benki endelea kuilipa. Mkataba wa mkopo hauhusiani na mkataba wa mauzo, na ukiacha kulipa, benki itakuja kuchukua gari au dhamana nyingine uliyoweka, na wakala hatakuwa na hasara yoyote. Kama rejesho linakulemea kwa sababu biashara imeyumba, mwone ofisa mikopo kabla hujachelewa, ueleze hali, na uombe ratiba mpya. Bima yako kubwa nayo usiitegemee hapa, kwa maana kwa kawaida bima ya gari hailipi ubovu wa kimekanika.

Kuhusu kuliuza, naelewa hofu ya mzee wa nyumbani, na nia yake ni kuiokoa familia. Ila kumuuzia mtu gari ambalo unajua linachemsha bila kumwambia ni kumhamishia maumivu haya haya mkulima au mfanyabiashara mwingine wa huku kwetu, naye anaweza kukudai. Na ukimwambia ukweli, bei itaanguka vibaya sasa hivi, wakati waranti yako ingali hai. Liuzwe, kama bado mtataka, baada ya kutengenezwa na kuwa na karatasi.

Kuna jambo moja la kuangalia mwishoni mwa kazi yao. Ikibainika kwamba ni gasketi au hedi, dai waandike kama hedi imepimwa unyoofu wake na kama imechongwa au imewekwa mpya, kisha mrudie safari ile ile ya Kawetere na mzigo ule ule kabla hujasaini kulipokea gari. Na ikiwa watakubadilishia injini nzima, namba yake itakuwa tofauti na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo usiondoke bila barua yao inayotaja namba ya zamani na mpya, uipeleke TRA kurekebisha kadi, na uijulishe benki pamoja na kampuni ya bima.